Mbwa Akikuvamia Njiani: Haki Yako Kisheria na Hatua za Kuchukua

Njia ya kijiji ni ya kila mtu. Mtoto anayekwenda shule kabla jua halijachomoza, mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mwumini anayewahi swala ya alfajiri au misa ya asubuhi, mzee anayenyoosha miguu jioni: wote wana haki ileile ya kupita bila kuvamiwa. Hata hivyo, katika vitongoji vingi wapo wakazi waliokwisha kubadili njia na kuzunguka mbali, kwa sababu ya mbwa wa nyumba moja ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayethubutu kumtaja. Ujirani mwema huwafanya wanyamaze, mpaka siku mtoto anapong'atwa.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu mashambulizi ya mbwa dhidi ya wapita njia: wajibu wa mfugaji, mambo unayoruhusiwa kufanya ili kujiokoa, mambo yanayoweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na milango ya kubisha ukishadhurika. Yanaeleza pia kwa nini jeraha la mbwa linahitaji maji na sabuni kabla ya mashauri yoyote.

Mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe ana wajibu

Wakazi wengi hudhani kwamba mbwa akiuma ni bahati mbaya tu, kama kuangukiwa na tawi la mti. Sheria haioni hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema ni kosa la jinai mtu kutochukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye mikononi mwake, pale ambapo uzembe huo unahatarisha uhai wa mtu au unaelekea kumdhuru. Maneno "unaelekea kumdhuru" yana uzito. Maana yake ni kwamba si lazima damu imwagike ndipo kosa lihesabike. Mfugaji anayemwachia mbwa mkali kuzurura kwenye njia ya watoto wa shule anaweza kuwa amekwisha kutenda kosa hata kabla ya jino kugusa ngozi ya mtu.

Neno "mikononi mwake" nalo linahitaji kufafanuliwa. Sheria haimtafuti tu yule aliyemnunua mbwa au kupewa akiwa mdogo. Inamtazama anayemfuga, kumlisha, kumlaza na kumtumia. Kwa hiyo mtu anayesema, "Huyu si wangu, ni wa mdogo wangu aliyehamia mjini," huku kila jioni anamtilia ugali na usiku anamtegemea kwa ulinzi, hawezi kuukwepa wajibu kirahisi. Ndivyo ilivyo pia kwa mbwa wanaoongozana na mifugo: mchungaji anaweza kuwa kijana mdogo, lakini anayewajibika ni mwenye boma aliyewatuma kijana na mbwa hao. Mbwa wa ulinzi katika ghala au shamba kubwa huwajibikiwa na mwenye shughuli hiyo.

Mbali na jinai, ipo sheria ya madhara, ambayo humwezesha aliyeumizwa kudai fidia. Chini ya sheria hiyo mfugaji hubanwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ufahamu: kama alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kuvamia watu na bado akamfuga, anawajibika kwa madhara yatakayotokea, hata akidai kwamba siku hiyo alijitahidi kumzuia. Ya pili ni uzembe: hata kama mbwa hajawahi kumuuma mtu, mfugaji atawajibika ikiwa hakuchukua tahadhari ambazo mtu mwenye busara angezichukua, kama vile kufunga lango, kumfunga mbwa mchana au kumshika kwa mnyororo anapotoka naye.

Hapa ndipo kibao cha "MBWA MKALI" kinapoeleweka vibaya. Wapo wafugaji wanaoamini kwamba wakishaandika maneno hayo ukutani wamejivua lawama zote. Kibao kinaweza kumsaidia mfugaji dhidi ya mtu aliyeingia uani bila ruhusa huku ameonywa, lakini hakimsaidii mbwa huyo akivuka uzio na kumfuata mpita njia barabarani. Zaidi ya hayo, kibao hicho kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi ya mwenyewe, kwa kuwa kinaonyesha kwamba alijua tangu mwanzo kuwa mbwa wake ni hatari.

Kwa upande mwingine, sheria huutazama pia mwenendo wa aliyeumwa. Anayemrushia mbwa mawe akiwa amefungwa, anayemchokoza akiwa ananyonyesha, au anayeruka uzio usiku, atakuta madai yake yamepungua nguvu au yamekataliwa kabisa. Haki ya kulindwa ni ya mpita njia anayepita kwa amani.

Unaruhusiwa kufanya nini ukivamiwa

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: nikimpiga mbwa wa mtu au nikimwua wakati ananishambulia, je, nitashtakiwa? Jibu linaanzia kwenye ukweli kwamba mbwa wa mtu ni mali ya mtu. Kanuni ya Adhabu inakataza kumwua, kumlemaza au kumjeruhi kwa makusudi na isivyo halali mnyama anayemilikiwa na mwingine. Lakini maneno "isivyo halali" ndiyo yenye uamuzi. Mtu anayejiokoa, au anayemwokoa mtoto aliyeangushwa na mbwa, hatendi jambo lisilo halali.

Kanuni hiyohiyo inatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, na kuweka kipimo chake: nguvu inayotumika iwe ya kiasi kinachofaa na kinachohitajika kwa ajili ya kujilinda. Tukikirudisha kipimo hicho njiani, kinakuwa na maswali matatu.

La kwanza: je, hatari ilikuwa ya kweli na ya wakati ule? Mbwa anayebweka nyuma ya ukuta si hatari ya wakati ule. Mbwa aliyelegeza mnyororo na kukimbia kukuelekea huku ametoa meno ni hatari.

La pili: je, ulifanya kile kilichohitajika? Kama kumtishia kwa fimbo kunatosha, hapana sababu ya kumvunja mgongo. Kama ameshika mguu wa mtoto na haachii, kumpiga kwa nguvu zote ni jambo linaloeleweka, na hata akifa, kifo chake kinapimwa kwa hatari iliyokuwapo.

La tatu: je, ulikoma hatari ilipokoma? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Tuchukue mfano wa mtu aliyeng'atwa asubuhi, akafanikiwa kumfukuza mbwa, akaenda nyumbani, na jioni akarudi na panga hadi kwenye uwanja wa jirani na kumkata mbwa aliyelala. Asubuhi mtu huyo alikuwa mwenye haki zote. Jioni amekuwa mshtakiwa, kwa kuwa hakuwa tena anajilinda, bali analipiza kisasi. Ameingia kwenye kiwanja cha mtu, ameharibu mali ya mtu, na pengine ameivuruga kesi yake mwenyewe, kama tutakavyoona.

Kabla ya kufikia kutumia nguvu, zipo mbinu ambazo hazina kesi na mara nyingi hufaa zaidi. Usikimbie, kwa kuwa mbio humwamsha mbwa kukimbiza. Simama, mwelekee ubavu, usimkodolee macho, kisha rudi nyuma polepole. Weka kitu kati yako na yeye: mkoba, mwavuli, baiskeli, kanga iliyokunjwa au ndoo. Sema kwa sauti nzito na kavu, usipige mayowe. Wazee wetu wanajua kwamba kuinama kana kwamba unaokota jiwe huwatosha mbwa wengi kurudi nyuma, na tendo hilo halimdhuru yeyote. Ukiangushwa, jikunje, ficha uso na shingo kwa mikono, ulale kimya. Watoto wafundishwe hayo nyumbani na shuleni, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takribani asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Fimbo, panga na sumu

Kutembea na fimbo, bakora au mkongojo si kosa. Ni desturi ya jamii zetu nyingi, na kwa mzee ni mguu wa tatu. Fimbo inatosha kumweka mbwa mbali na mwili bila kumwua, na ndiyo kinga inayoendana vizuri zaidi na kipimo cha nguvu ya kiasi.

Panga na jambia ni habari nyingine. Mkulima anayekwenda shambani na panga lake ana sababu inayojulikana. Lakini mtu anayezunguka na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu, anaweza kujikuta anaulizwa maswali na polisi, na kusema "naogopa mbwa" huenda kusitoshe. Bunduki ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hata mwenye leseni hana ruhusa ya jumla ya kufyatua risasi katikati ya makazi.

Sumu ni hatari kuliko zote. Kutega nyama yenye sumu ili kuwamaliza mbwa wasumbufu si kujilinda kwa maana yoyote ya sheria, kwa kuwa anayetega hayuko katika shambulio. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili, na sumu haichagui: leo atakula mbwa, kesho kuku wa jirani, keshokutwa mtoto anayeokota vitu na kutia mdomoni. Udhibiti wa mbwa wazururaji ni kazi ya mamlaka, kupitia wataalamu wa mifugo, na wala si ya mtu mmoja anayejichukulia hatua usiku.

Jeraha kwanza, kesi baadaye

Ukishang'atwa au kukwaruzwa, saa ya kwanza si ya kutafuta mwenye mbwa. Ni ya kuokoa maisha yako. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Hata hivyo ugonjwa huo unazuilika kabisa kama mwathirika atawahi. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu duniani, na mate yake ndiyo yanayobeba virusi. Kwa hiyo hata mkwaruzo mdogo, au ulimi wa mbwa kwenye kidonda kilichokuwapo, haupuuzwi.

Osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda usiopungua dakika 15. Tumia dawa ya kuua vijidudu kama ipo. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala maji ya betri, na usibandike jiwe la nyoka ukadhani limenyonya ugonjwa. Kisha nenda haraka kwenye kituo cha kutolea huduma za afya. Mtaalamu atapima jeraha na kuamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kinga ya pepopunda na dawa nyingine. Kwa kuwa si kila zahanati huwa na chanjo wakati wote, uliza palepale ni kituo gani cha karibu kinayo. Usirudi nyumbani kusubiri.

Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa katika tarehe maalumu. Kosa linalogharimu maisha ni kuchoma dozi ya kwanza, kuona jeraha limepona, na kuacha zilizobaki ili kuokoa nauli. Dalili za kichaa kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, na huweza kuchelewa hadi mwaka. Kupona kwa ngozi si ushahidi wa usalama.

Na hapa tunarudi kwa yule aliyekwenda kumkata mbwa jioni. Mbwa aliyeuma, akiwa anaonekana mzima na anaweza kudhibitiwa, hufungwa na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akiwa hai na mwenye afya baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari anaweza kuitumia taarifa hiyo katika matibabu. Akiuawa na kufukiwa, taarifa hiyo inapotea. Kama amekufa au ilibidi auawe, asitupwe wala kichwa kisipondwe: afisa mifugo ajulishwe ili sampuli ya ubongo ichukuliwe. Asiguswe kwa mikono mitupu, na nyama yake isipewe wanyama wengine.

Milango minne ya kubisha

Baada ya matibabu kuanza, mwathirika ana njia nne. Hazipingani, mtu anaweza kutumia zaidi ya moja.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, wa Mtaa au wa Kata, pamoja na Afisa Mifugo wa Kata. Toa taarifa kwa mdomo na kwa maandishi, na uombe irekodiwe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na vijiji navyo vinaweza kuwa na zake. Uliza kama zipo zinazohusu ufugaji na udhibiti wa mbwa, na omba kusomewa kifungu kinachohusika. Mtendaji anaweza kumwita mfugaji, kumwagiza amfunge mbwa, na kusimamia adhabu iliyowekwa na sheria ndogo. Afisa Mifugo atauliza kuhusu chanjo na kumweka mbwa chini ya uangalizi. Kichaa cha mbwa kiko miongoni mwa magonjwa ambayo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, ni lazima yatolewe taarifa, hivyo mfugaji anayemficha mbwa mwenye dalili za kichaa anajiongezea kosa.

Mlango wa pili ni usuluhishi, kwa Baraza la Kata au mbele ya Mtendaji na wazee. Mashauri mengi ya mbwa humalizikia hapa, na ni vizuri yawe hivyo, kwa kuwa mdai na mdaiwa wataendelea kuchota maji kisima kimoja. Lakini zingatia mambo mawili. Makubaliano yaandikwe, yataje kiasi, tarehe ya malipo na hatua atakazochukua mfugaji, kisha yasainiwe na pande zote pamoja na mashahidi. Pili, usikubali kumaliza jambo kwa malipo ya mara moja kabla hujajua gharama kamili za matibabu. Anayepokea fedha kidogo siku ya pili na kutia saini kwamba hadai tena, anaweza kushindwa kulipia dozi ya tatu. Ni afadhali mfugaji akubali kulipia matibabu yote hadi dozi ya mwisho, na hesabu ifungwe baada ya hapo.

Mlango wa tatu ni polisi. Jeraha likiwa kubwa, mbwa akiwa amewahi kuuma watu wengine, au mfugaji akiwa amekaidi maagizo ya awali, fungua taarifa ya jinai. Utapewa namba ya taarifa, ijulikanayo kama RB, na fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Fomu hiyo itakuwa ushahidi muhimu baadaye, lakini uoshaji wa jeraha usisubiri fomu. Mfugaji akitiwa hatiani, mahakama inaweza, pamoja na adhabu, kumwamuru amlipe fidia aliyeumizwa, na hivyo mwathirika akapata haki yake bila kufungua shauri jingine.

Mlango wa nne ni shauri la madai mahakamani. Hapa mdai anaomba fidia kwa gharama za matibabu na nauli, kipato alichokosa kwa siku alizolala, mavazi au mali iliyoharibika, na maumivu pamoja na kovu au ulemavu uliobaki. Kwa kuwa madai ya namna hii yanatokana na sheria ya madhara, kwa kawaida hupelekwa Mahakama ya Wilaya. Muda haukusubiri: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaweka miaka mitatu kwa madai ya madhara. Baada ya hapo mlango hufungwa, hata kama kovu bado lipo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wanaotoa elimu na ushauri bila malipo kwa wananchi wasio na uwezo. Ofisi ya Ustawi wa Jamii au Mtendaji wa Kata ataweza kukuelekeza kwao. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usiogope kueleza jambo lako kwa maneno yako.

Tunza ushahidi tangu siku ya kwanza

Shauri la mbwa hushinda au kushindwa kwa vitu vidogo ambavyo watu huvitupa. Andika tarehe, saa na mahali ulipovamiwa. Andika majina ya waliokuwapo, na wale ambao mbwa huyohuyo aliwahi kuwavamia, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuthibitisha kwamba mfugaji alijua tabia yake. Piga picha za jeraha siku ileile na siku zinazofuata, na picha ya lango au uzio uliobomoka kama inawezekana ukiwa barabarani. Usiifue nguo iliyochanika, iweke. Hifadhi kadi ya chanjo, stakabadhi za dawa na hata tiketi za basi. Omba uone kadi ya chanjo ya mbwa: mfugaji anayejali huwa nayo, na kutokuwa nayo ni jambo la kuandika katika taarifa.

Kumbukumbu za taarifa za awali zina thamani ya pekee. Mkazi aliyefukuzwa na mbwa lakini hakuumwa anaweza kuona haina haja kufika kwa Mtendaji. Ina haja kubwa. Taarifa yake ya mwezi huu ndiyo itakayomnyima mfugaji nafasi ya kusema mwezi ujao, "Mbwa wangu hajawahi kumsumbua mtu."

Mbwa asiyejulikana mwenyewe

Wakati mwingine mbwa ni mzururaji, na hakuna wa kudaiwa. Hapo fidia ni ngumu, lakini taarifa ni ya lazima zaidi, kwa kuwa mbwa asiye na mwenyewe kwa kawaida hana chanjo. Mbwa anayetembea ovyo akiyumba, anayetokwa na mate mengi, anayeuma vitu visivyo chakula, aliyebadilika sauti au aliyekuwa mpole na ghafla akawa mkali, asikaribiwe. Wazuieni watoto ndani, mfahamisheni Mwenyekiti wa Kitongoji au Mtaa, naye amfikie Afisa Mifugo mara moja. Aliyeumwa na mbwa ambaye hawezi kupatikana na kuangaliwa kwa siku 10 asisubiri matokeo yoyote: aende kupata chanjo.

Sheria inayoanzia kwenye mkutano

Hatua zote zilizotajwa hapo juu huja baada ya mtu kutishwa au kuumizwa. Iliyo bora kuliko zote huja kabla. Tahadhari kabla ya hatari. Wakazi wanaweza kulipeleka jambo hili kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji au mkutano wa mtaa likiwa ajenda, bila kumtaja mtu. Wanaweza kupendekeza saa ambazo mbwa wote wafungwe, hasa wakati wa watoto kwenda na kutoka shule, daftari la mbwa wa kijiji, na utaratibu wa kushughulikia wazururaji. Mapendekezo yakikubalika, Halmashauri ya Kijiji inaweza kuyageuza kuwa sheria ndogo na kuyawasilisha kwa Halmashauri ya Wilaya ili yaidhinishwe. Sheria iliyopitishwa na wananchi wenyewe ni rahisi kusimamiwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema hakuisikia.

Chanjo ya mbwa nayo ni ulinzi wa mpita njia. Wataalamu wanasema mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lengo la dunia ni kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na tarehe 28 Septemba ya kila mwaka huadhimishwa kama Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kampeni ya chanjo ikitangazwa, mfugaji alete mbwa wake wote, hata watoto wadogo, wakiwa wamefungwa kamba, na aitunze kadi.

Mfugaji anayesoma makala haya asiyaone kama vita dhidi ya mbwa. Mbwa ni mlinzi, msaidizi wa mchungaji na rafiki wa nyumba nyingi. Kinachotakiwa kwake ni uzio usio na pengo, kamba imara, chanjo kila mwaka na kukubali ukweli jirani anapomwambia, "Mbwa wako alinifukuza jana." Mkazi anayepita naye asione haya kusema maneno hayo, kwanza kwa jirani mwenyewe, na yasiposikika, kwa Mtendaji wa Kata. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya mambo ya namna hii, na kutoa taarifa hakuhitaji malipo.